Kiwanja cha Mtaa Kimezungushiwa Mabati: Tushtaki Vipi?

SWALI: Assalamu alaykum. Kiwanja cha mpira mtaani kwetu Likoni kimezungushiwa mabati usiku. Twaambiwa aliyefanya hivyo ana hati. Hatuna pesa za wakili, na wazee wasema asiyemiliki ardhi pale hawezi kushtaki. Ni kweli?
Msomaji, Likoni

JIBU: Waalaykum salaam ndugu yetu. Wazee wanakumbuka sheria ya zamani. Mwaka 1989 kesi ya Wangari Maathai ya kuokoa bustani ya Uhuru Park ilitupwa kwa hoja hiyo hiyo. Katiba ya Kenya ya 2010 iliondoa kizuizi hicho: Ibara ya 22 yamruhusu mtu yeyote kushtaki kwa maslahi ya umma, na Ibara ya 70, kwa haki ya mazingira, haidai uonyeshe nani amepata hasara.

Anzeni na ofisi ya ardhi. Ombeni upekuzi wa nambari ya kiwanja, mjue hati ilitolewa lini na kwa nani. Wakati huo huo iandikieni kaunti kutaka ramani ya mtaa inayoonyesha eneo la wazi. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 yaipa kaunti siku 21 kujibu. Nakala yenu ipigwe muhuri wa kupokelewa. Lakini matingatinga yakiingia, msingoje siku hizo ziishe.

Kesi hii ni ya Mahakama ya Mazingira na Ardhi, Mombasa. Ombi, yaani karatasi ya kufungua kesi, litaje majina yenu, matukio kwa tarehe, ibara ya Katiba iliyovunjwa, imevunjwa vipi na nani, kesi nyingine yoyote iliyopo juu ya jambo hilo, na amri mnazotaka. Hapa ndipo maombi mengi yanapoanguka. Mtu huandika “haki zetu zimekiukwa” akaishia hapo, na tangu kesi ya Anarita Karimi Njeru, 1979, majaji hudai maelezo kamili. Kanuni za 2013 za kesi za haki za kikatiba zaruhusu hata barua au maneno ya mdomo, ila sisi twasisitiza mwandike. Ada ikiwalemea, mwombeni msajili wa mahakama awasamehe.

Ombi huambatana na hati ya kiapo. Aape aliyeyaona mambo kwa macho yake, si aliyesimuliwa. Picha za simu zahitaji cheti cha aliyezipiga, kinachoeleza simu iliyotumika na jinsi zilivyochapishwa; pasipo cheti hicho, mshtakiwa ataomba ziondolewe.

Siku hiyo hiyo wasilisheni hati ya dharura kuomba amri ya muda ya kusimamisha ujenzi. Jengo likishasimama, kulibomoa ni kazi nyingine kabisa.

SWALI: Tukishindwa tutalipishwa gharama? Na kesi huchukua muda gani?

JIBU: Gharama ziko mikononi mwa jaji, lakini katika kesi ya kweli ya umma mara nyingi kila upande hubeba zake. Muda ni mrefu. Wakaazi wa Owino Uhuru, hapa hapa Mombasa, walioathiriwa na sumu ya madini ya risasi ya kiwanda cha kuyeyusha betri, walishtaki 2016. Walishinda Julai 2020 kwa shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufani ikafuta malipo hayo 2023, Mahakama ya Juu ikayarudisha Desemba 2024. Kwa hivyo washtaki wawe kadhaa, ili mmoja akihama au akifariki kesi isikwame, na nakala za karatasi zote ziwekwe nyumba mbili tofauti.