Begi la dharura kabla ya masika

Kila ifikapo Februari huwa navuta begi letu la dharura kutoka uvunguni na kulimwaga lote sakafuni. Tunaishi Usa River, Arusha, watu watano, akiwemo mama mkwe mwenye presha. Orodha nyingi zinazozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp zimeandikwa kwa watu wa matetemeko na vimbunga. Huku kwetu masika yakikolea, korongo linajaa, barabara inakatika, umeme unazima, bomba linakauka. Pakia kwa ajili ya hayo.

Anza na maji. Kadiria lita 4 kwa mtu kwa siku, za kunywa na kupikia. Kwetu siku tatu ni lita 60. Wengi hukimbilia madumu matatu ya lita 20. Mimi naweka kumi na mawili ya lita 5, kwa sababu dumu kubwa likijaa ni kilo 20, na usiku wa mvua huwezi kujua nani atalibeba.

Tena si maji yoyote. Jirani zetu ni kata ya Maji ya Chai, na ukanda huu wa chini ya Mlima Meru una visima na chemchemi zenye floraidi nyingi, yale madini yanayoharibu meno. Meno ya kahawia ya wenyeji ni ushahidi tosha. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini floraidi haitoki. Maji yanapungua kwa mvuke, yenyewe inabaki na kuzidi kukolea. Vidonge vya klorini navyo haviigusi. Mwenye mtoto mdogo, ambaye meno ya ukubwani bado yanajengeka, akinge maji ya mvua kwenye bati safi, ayachemshe, ndiyo ajazie madumu.

Chakula hakina mambo mengi. Makande achana nayo, yatakumalizia mkaa. Karanga, tende, biskuti, dagaa wa kukaanga na unga wa uji vinatosha. Na hata mvua inyeshe vipi, jiko la mkaa lisiingie chumba mnacholala: hewa yake ya sumu haina harufu, inaua watu usingizini.

Weka pia noti ndogondogo, za elfu moja na elfu mbili. Gridi ya taifa ilipozima Aprili 1, 2024, mwenye simu isiyo na chaji hakuwa na pesa hata kama salio lilikuwa nono. Kwenye karatasi andika namba za ndugu, pamoja na 112 ya polisi na 114 ya zimamoto. Nakala za vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa na kadi za bima zifunge kwenye nailoni. Tochi na redio ya betri sina haja ya kukumbusha, ila betri zikae nje ya kifaa, zisije zikavuja humo ndani.

Dawa za mama ndizo zinazotaka akili, maana zinaisha muda. Tumekubaliana hivi: akinunua dozi ya mwezi, mpya inaingia kwenye begi, iliyokuwa humo ndiyo anayoitumia.