Mnauliza, Tunajibu: Wapigaji wa muziki wa London na kutumana kwenye repetisyo

SWALI: Ndugu wa majibu, mimi nafundisha korali huku Katindo, Goma. Mtu wa besi anaahidi kuja, siku ya repetisyo anatuma mdogo wake, halafu siku ya ibada huyo mdogo naye haonekane, anakuja mtu wa tatu mwenye hata wimbo hajui. Rafiki ananiambia ati Waingereza wa zamani nao walikuwa na hii tabia mpaka orkestra moja ikapasuka. Ni kweli ao ni bongo?

JIBU: Ni kweli Mwalimu, tena wale walipita hata watu wako. Pale London kulikuwa ukumbi unaitwa Queen's Hall, tangu 1895 meneja Robert Newman na kiongozi wa orkestra Henry Wood walifanya humo konseri za bei ya chini, unalipa shilingi 1 unasikiliza umesimama, ndizo mpaka leo zinaitwa Proms. Sasa wapigaji hawakuwa na mshahara wa mwaka, walilipwa kazi kwa kazi, leo tiyatri kesho konseri, kwa hiyo mtu akipata penye pesa zaidi anaenda huko na kutuma mwingine kwa nafasi yake. Na hakujificha, ilikuwa desturi! Mwenye kusaini anatuma wa pili kwa repetisyo ya kwanza, wa pili anatuma wa tatu kwa repetisyo inayofuata, wa tatu siku yenyewe hana nafasi anatuma wa nne, na Wood anainua fimbo yake anaona sura hajawahi kuiona.

Mwaka 1904 Newman akachoka, akaingia kwenye repetisyo akawaambia kwa kifupi tu kwamba kutumana kumeisha, akawaaga. Wapigaji kama 40 hivi wakatoka, wakaunda orkestra yao, London Symphony Orchestra, wakaisimamia wenyewe na kugawana faida, na konseri yao ya kwanza, tarehe 9 Juni 1904, walifanyia wapi? Queen's Hall ileile, Hans Richter akiongoza. Kutumana kwenyewe hawakuacha, wakaendelea nako miaka mingi. Wood akajaza nafasi, na mwaka 1913 akaingiza wanawake 6 kwenye orkestra yake, kitu ambacho wakati ule wengi hawakukizoea.

Mimi naona shida ilikuwa mfuko kuliko nidhamu. BBC ilipounda orkestra yake mwaka 1930 ikawapa watu mshahara wa kudumu, na mwenye mshahara hana sababu ya kukimbilia tiyatri. Korali yako hailipwe, sasa ukipiga marufuku kama Newman watabaki nyumbani tu, afadhali uulize nani anakosa pesa ya kupanda moto (pikipiki), na kila sauti iwe na mbadala mmoja mwenye kuja repetisyo zote.

SWALI: Kwa wakati huo wa Newman na Wood, huko Uingereza kulikuwa mtunzi wa damu ya Kiafrika mwenye jina? (Msomaji, Bukavu)

JIBU: Samuel Coleridge-Taylor, alizaliwa London 1875, baba yake daktari wa Sierra Leone, mama Mwingereza. Kantata yake (wimbo mrefu wa korali na orkestra) Hiawatha's Wedding Feast ya 1898 iliimbwa na korali za nchi nzima, nakala zikauzwa kwa malaki, lakini yeye alikuwa amemuuzia mchapishaji haki zote kwa gini 15 tu (pesa ya zamani ya Waingereza, gini moja ilizidi pauni kidogo). Akafa kwa nimonia mwaka 1912, ana miaka 37. Ilipoanzishwa mwaka 1914 Performing Right Society, chama cha kuwakusanyia watunzi na wachapishaji pesa kila muziki wao unapopigwa hadharani, kisa chake kilikuwa kinatajwa sana.