Mimba ya ubakaji, manusura mwenye ulemavu na kibali cha mahakama India: nani anaamua?

Swali

Shikamoo wakili. Mimi ni afisa ustawi wa jamii, Tanga. Juzi kazini tulibishana juu ya habari moja ya India: binti mwenye ulemavu wa akili alibakwa, familia ikaenda mahakamani kuomba ruhusa ya kutoa mimba. Mwenzangu anashikilia kwamba kule kila manusura mwenye ulemavu lazima apate kibali cha jaji, na kwamba anayesaini ni baba, kwa kuwa binti mwenyewe "hana akili timamu". Ni kweli? Na jaji anaangalia nini hasa?

Jibu

Marahaba, dada. Mwenzako amekosea yote mawili, ingawa simlaumu sana. Ukisoma magazeti ya kule utadhani hakuna mimba ya ubakaji inayotolewa bila mhuri wa mahakama. Nilisoma sheria Pune, huko huko India, na nilikutana na madaktari walioamini hivyo hivyo.

Tuanze na wiki, maana kesi hizi huhesabiwa kwa wiki. Sheria ya India ya kutoa mimba ni ya 1971, ikafanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2021. Mpaka wiki ya 20 anatosha daktari mmoja mwenye sifa. Kutoka wiki ya 20 hadi ya 24 wanatakiwa madaktari wawili, na nafasi hiyo ni ya makundi maalumu tu: manusura wa ubakaji, wasichana walio chini ya miaka 18, wanawake wenye ulemavu mkubwa wa viungo, wenye ugonjwa au ulemavu wa akili, na wengine wachache. Binti wenu anaingia kwa milango miwili. Jaji hatajwi popote katika hatua hizo. Ikipita wiki ya 24, sheria inaruhusu kama bodi ya madaktari imekuta kijusi kina kasoro kubwa, au kama ni lazima kuokoa maisha ya mama papo hapo. Ubakaji peke yake hautajwi tena. Ni kwa ajili ya pengo hilo familia hukimbilia Mahakama Kuu ya jimbo, au Mahakama ya Juu kule Delhi, kwa kutumia ibara za katiba zinazolinda haki za msingi.

Sasa utauliza, mbona na wenye wiki 16 au 17 wanafika huko? Hofu. Daktari anaona kuna jalada la polisi, anaona mgonjwa ana ulemavu, anaamua kujikinga: "Leteni kwanza amri ya mahakama." Na kwa wenye ulemavu muda huwa umeshaliwa hata kabla ya hospitali. Hakuna aliyewahi kumweleza binti dalili za mimba, au hana namna ya kusema, au aliyembaka ndiye anayemlisha na kumwogesha.

Kesi ya Patna, jimbo la Bihar, mwaka 2017, inaonyesha jambo hili kuliko maelezo yoyote. Mwanamke wa miaka 35, mwenye ulemavu wa akili usio mkali, aliyekuwa akiishi barabarani, aliokolewa na kupelekwa kwenye nyumba ya hifadhi. Akakutwa ana mimba, akasema amebakwa na hataki kuzaa. Baadaye ikabainika ana virusi vya Ukimwi. Alipofikishwa hospitali ya serikali kwa ajili ya kutolewa mimba alikuwa na wiki kama 17, wakati ambapo kikomo cha zamani kilikuwa wiki 20. Kwa hiyo alikuwa ndani ya sheria. Hospitali ikataka saini ya baba. Baba akasaini, na bado haikufanyika kitu. Shauri likaenda Mahakama Kuu, siku zikapita, maombi yakakataliwa. Lilipofika Delhi, madaktari wakasema kuitoa sasa ni hatari kwa maisha yake. Mahakama ya Juu ikabaki kuamuru serikali ya Bihar imlipe fidia ya rupia milioni 1, na kusema wazi kwamba ridhaa ya baba haikuhitajika tangu mwanzo: alikuwa mtu mzima na alishasema anachotaka.

Hapo tumeshagusa swali lako la saini, na hapa watu wa kazi yako wanapaswa kusoma taratibu. Sheria ya 1971 inadai saini ya mlezi kwa walio chini ya miaka 18 na kwa "mgonjwa wa akili". Lakini tafsiri ya mgonjwa wa akili, tangu marekebisho ya 2002, inamtoa waziwazi mtu mwenye ulemavu wa akili. Yaani mwanamke wa miaka 25 aliyezaliwa na ulemavu wa akili anajiamulia. Wengi hawakuliona hilo mpaka kesi ya Chandigarh ya 2009. Msichana wa miaka kama 19, yatima, alibakwa ndani ya makao ya serikali alimokuwa akitunzwa. Utawala ukaomba mimba itolewe, Mahakama Kuu ikajivika nafasi ya mzazi na kukubali, ingawa wataalamu waliomhoji walisema anataka kuzaa. Mahakama ya Juu ikaifuta amri hiyo: bila ridhaa yake, hakuna. Sheria ya haki za watu wenye ulemavu ya 2016 ikaongeza makali. Kumtoa mimba mwanamke mwenye ulemavu bila ridhaa yake ya wazi ni kosa la jela miezi 6 hadi miaka 5, isipokuwa kwa ulemavu mkali sana, ambapo daktari atoe maoni na mlezi akubali. Msisahau basi kwamba mlango huu unafunguka pande zote mbili. Unamlinda anayetaka kutoa, na unamlinda asiyetaka.

Jaji anaangalia nini? Kwanza ripoti ya bodi: daktari wa wanawake, wa watoto, wa picha za ultrasaundi. Swali kuu ni kama utaratibu ni salama kwake. Mwaka 2023 Mahakama Kuu ya Gujarat iliahirisha kesi ya manusura kwa siku 12 nzima, mimba ikikaribia wiki 28. Mahakama ya Juu ikakaa Jumamosi kwa ajili hiyo, na Jumatatu yake, Agosti 21, ikaruhusu. Amri za namna hii huagiza pia tishu zihifadhiwe kwa ajili ya kipimo cha vinasaba katika kesi ya jinai, na kwamba mtoto akitoka hai, hospitali imhudumie na serikali imlee. Halafu anaangalia kauli ya mwenyewe. Aprili 2024 majaji wa Mahakama ya Juu walimruhusu binti wa miaka 14 aliyekaribia wiki 30. Wiki moja baadaye wazazi wakabadili mawazo, amri ikafutwa, na katika hukumu majaji wakasisitiza kwamba maoni ya binti yana uzito wake mbali na ya wazazi.

Kuhusu Tanzania usije ukaiga utaratibu huo. Kifungu cha 230 cha Kanuni ya Adhabu kinamkinga daktari anayefanya upasuaji kwa nia njema ili kuokoa maisha ya mama, na hakimu hana nafasi ya kutoa kibali hapo. Ubakaji haukutajwa kama sababu. Ukipata jalada la namna hii, kazi yako ya kwanza ni kumfikisha manusura kwa daktari siku hiyo hiyo, pamoja na mkalimani wa lugha ya alama kama ni kiziwi, na ndugu wasubiri nje ya chumba wakati anahojiwa.