Jibu bila njia

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unauliza, "Mama, siku hizi unamwamini nani, hapa kwetu na huko duniani?" Majina sina, baba. Ninayo foleni.

Jumapili, 29 Oktoba 1995, uchaguzi mkuu wa kwanza tangu vyama vingi virudishwe 1992. Mimba yako ilikuwa ya miezi saba. Nilifika kituoni alfajiri, shuleni palepale nilipokuwa nafundisha hesabu. Vifaa havijafika. Saa nne, bado. Muuza vitumbua akafudikiza ndoo yake, nikakalia. Mbele yangu kijana wa Mrema, mgombea urais wa upinzani, nyuma yangu mzee wa CCM tangu enzi za TANU, wakagawana kitumbua na kunishikia nafasi kila nilipokwenda kujisaidia. Saa nane baba yako akaleta uji kwenye chupa ya chai. Jua la Temeke unalijua. Lakini nilikuwa na furaha, mwanangu, furaha ambayo sijaipata tena kwenye foleni yoyote. Giza likaingia, karatasi hakuna.

Kura za Dar, majimbo yote saba, zikafutwa. Tukaambiwa turudi Novemba 19. Nilirudi na miguu imevimba. Vyama kadhaa vya upinzani vilikwisha kujitoa. Foleni ilikuwa fupi, dakika kumi nimemaliza, na yule kijana sikumwona. Kinachoniuma hadi leo ni hizo dakika kumi, wala si lile jua.

Mkapa wa CCM akatangazwa rais kwa asilimia 61.8. Unanijua: jibu bila njia halipati alama, hata likiwa sahihi. Darasa la tano ulilia nilipokukata alama kwa hilo. Wakubwa wote nawasikiliza hivyo hivyo. Mwaka 2003 Marekani iliiambia dunia kwamba Iraki ina silaha za maangamizi. Nchi ikavamiwa, silaha hazikupatikana. Urusi ikakana kwamba itaivamia Ukraine, Februari 2022 ikaingia. Usiniulize niko upande gani kati yao. Waoneshe njia kwanza.

Kisha ikaja 29 Oktoba nyingine, ya 2025. Intaneti imezimwa, saa kumi na mbili jioni marufuku kutoka nje, wewe uko Mwanza na ujumbe wangu hauendi. Siku chache baadaye tunasomewa kwamba Rais Samia kapata asilimia 97.66. Nataka kuona daftari. Jibu bila njia, mwanangu, mimi siwezi kulipa alama.

Au nimezeeka na shaka zimenizidi? Huenda walioridhika ni wengi kuliko ninavyodhani. Bibi yako angeniambia nishukuru kwamba tunalala. Lakini wapo wazazi waliozika watoto siku zile za uchaguzi wa 2025, na kila nikijaribu kushukuru nawaona wao.

Najua ulichotaka hasa ni kuambiwa kama 2030 ukapange foleni au ubaki nyumbani. Ulimi unaniwasha. Nikisema nenda, nazikumbuka zile dakika kumi. Nikisema baki, naiona ndoo ya vitumbua, na wale wawili na kitumbua chao. Leo sisemi. Wewe mwenyewe ulikuwepo foleni zote mbili: ya kwanza ulipiga mateke mchana kutwa, ya pili ulitulia kimya hadi nikaogopa.

Mama yako