Maswali ya Wasomaji: i7 ya Laptopu Kuukuu na i3 ya Mezani

SWALI: Ndugu mhariri, laptopu yangu ina prosesa ya Intel Core i7-4600U. Kuna mtu anataka tubadilishane, anipe kompyuta ya mezani yenye Core i3-12100. Jamaa zangu wanasema kutoka i7 kwenda i3 ni kushuka ngazi. Ni kweli?

JIBU: Si kweli. i7 na i3 ni vyeo ndani ya kizazi kimoja. Ukivuka kizazi, cheo hakisemi kitu. Tazama tarakimu zinazofuata kistari. 4600 ni kizazi cha 4, cha mwaka 2013. 12100 ni kizazi cha 12, iliyotoka mwanzoni mwa 2022.

Kisha tazama herufi ya mwisho, ambayo wengi huiruka ilhali ndiyo yenye habari nyingi. U ni prosesa ya laptopu nyembamba, iliyobaniwa umeme. HQ na MQ ni za laptopu nene zenye feni kubwa. Isiyo na herufi, kama hiyo 12100, ni ya mezani ya kawaida. T ni ya mezani pia, ila imepunguziwa wati. Ukikuta F, jihadhari: haina sehemu ya kuchora picha, kwa hiyo usipokuwa na kadi ya picha, skrini itabaki nyeusi hata kama kila kitu ni kizima. Kabla ya kubadilishana, hakikisha huyo mwenzako hana 12100F.

Sasa takwimu. i7-4600U ina viini 2 (sehemu zinazofanya kazi) na nyuzi 4 (mikondo ya kazi inayoshikwa kwa pamoja), kasi ya msingi gigahezi 2.1 (mizunguko bilioni 2.1 kwa sekunde) na ya juu 3.3, kache (kumbukumbu ndogo ya ndani) ya MB 4, wati 15. i3-12100 ina viini 4 na nyuzi 8, kasi ya msingi 3.3 na ya juu 4.3, kache ya MB 12, wati 60, na ikikaza kamba hufika 89. Yaani pale laptopu yako inapoishia ndipo ya mezani inapoanzia. Na hata ukizilinganisha kwa gigahezi zilezile, ya kizazi cha 12 hukamilisha maagizo mengi zaidi katika kila mzunguko. Viini mara mbili, kasi zaidi, kazi zaidi kwa kila mzunguko: vyote vikizidishana, kazi inayotumia viini vyote, kama kubana video, inaweza kwenda mara nne au zaidi.

Kwa kuandika barua na kusoma kurasa za intaneti tofauti ni ndogo kuliko hapo, hasa kama laptopu tayari ina SSD, ile diski ya haraka isiyozunguka. Video ni habari nyingine. Prosesa yako haina sakiti kamili ya kufungua HEVC, VP9 wala AV1, ambazo ni mitindo ya kubana video, hivyo viini vyake viwili hubeba mzigo wenyewe na feni hupiga kelele. Ile ya 12100 hufungua zote tatu kwa sakiti maalumu, na viini hubaki karibu vimelala.

Lipo pia suala la Windows. Kizazi cha 4 hakimo katika orodha ya prosesa zinazokubaliwa na Windows 11, na Windows 10 iliacha kupewa huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Ukibaki na laptopu hiyo, Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, ndiyo njia isiyo na hila.

SWALI: Nikiipima laptopu yangu kwa Cinebench, programu ya kupima kasi ya prosesa, inaanza kwa kasi nzuri, kisha baada ya nusu dakika hivi inalegea. Prosesa imechakaa?

JIBU: Prosesa haichakai namna hiyo. Ina mipaka miwili ya umeme: mmoja wa muda mfupi, unaoiruhusu ipite wati zake kwa sekunde 28 au karibu na hapo, na mmoja wa kudumu. Muda mfupi ukiisha, inarudi kwenye wati 15. Ndiyo maana kipimo cha sekunde chache huipendelea laptopu. Cha dakika kumi ndicho kinachosema ukweli.

Lakini huenda pia ni joto, na dawa zake ni tofauti. Fungua HWiNFO, programu ya kuonyesha hali ya vifaa, wakati kipimo kinaendelea, uangalie wati za prosesa pamoja na nyuzijoto. Wati zikikaa 15 na joto liko kwenye sabini au themanini, huo ni mpaka tu, hakuna cha kutengeneza. Joto likigota karibu na 100 huku wati zikishuka hadi 10 au chini, upozaji umekufa. Kabla ya kushika bisibisi, chomeka chaja yake halisi urudie kipimo: baadhi ya laptopu zisipoitambua chaja huishusha prosesa hata chini ya gigahezi 1, na hapo utasafisha vumbi bure.

Ukiamua kufungua: zima, chomoa chaja, tenganisha betri na ubao mama. Shika mapanga ya feni kwa kidole unapopuliza vumbi, yasizunguke ovyo. Legeza skrubu za kipoza joto kwa mpangilio wa namba zilizochapwa juu yake, zamu kwa zamu. Futa krimu kavu ya kupitisha joto kwa alikoholi ya aisopropili ya asilimia 90 au zaidi. Prosesa ya laptopu haina kifuniko cha chuma, jiwe lenyewe (kipande cha silikoni) liko wazi. Paka krimu mpya nyembamba ifunike uso wote hadi pembeni. Tone la katikati, lile la kwenye prosesa ya mezani, huweza kuacha kona kavu. Na vile vipande laini vinavyokaa juu ya vijenzi vya jirani usivibadilishe kwa krimu. Vimewekwa kuziba mwanya, na krimu haizibi mwanya.

SWALI: Je, naweza kununua prosesa ya mezani na kuiweka kwenye laptopu?

JIBU: Haiwezekani. Hiyo 4600U imelehemiwa kwenye ubao, na 12100 hukaa kwenye soketi (kitako cha kuchomekea prosesa) iitwayo LGA1700. Baadhi ya laptopu za kizazi cha 4 zenye M au MQ zilikuwa na soketi, lakini tangu kizazi cha 5 Intel imekuwa ikilehemu prosesa zake za laptopu.

SWALI: Basi nikihamia mezani, RAM na SSD yangu nihame navyo?

JIBU: RAM iache. Ya laptopu yako ni aina ya DDR3L, kipande kifupi. Ubao wa 12100 unataka aina mpya zaidi, DDR4 au DDR5, na ubao mmoja kwa kawaida hupokea aina moja tu. Hizo mbili zote zina pini 288 lakini pengo lililo katikati ya pini halipo mahali pamoja, usilazimishe. Nunua vipande viwili vya GB 8 badala ya kimoja cha GB 16, kwa sababu sehemu ya picha hutumia RAM hiyohiyo, na vipande viwili huipa njia mbili za kuifikia, jambo linaloisaidia sana.

SSD ya inchi 2.5 inayotumia waya wa SATA itaingia bila shida. Shida itakuwa kuwaka: kama Windows yako iliwekwa kwa mtindo wa zamani wa kugawa diski uitwao MBR, mashine mpya itaiona diski lakini mara nyingi haitaianzisha. Nakili mafaili kwanza, zima usimbaji wa diski (kufunga data kwa siri) ukiwa bado kwenye laptopu, kisha weka mfumo upya. Kuhamisha Windows ya zamani na madereva yake yote (programu za kuendesha vifaa) kunawezekana, ila muda utakaopoteza kutafuta hitilafu ni mrefu kuliko wa kuweka upya.