Kabla hujasema laptopu imechoka

Wiki hii vijana watatu wapiga picha wamenijia na laptopu zao, na wote watatu wametamka neno lile lile: imechoka. Wa kwanza analalamika picha hazifunguki. Wa pili alishanunua RAM, ile kumbukumbu ya muda ya mashine, na akawa anaisukuma kwa kidole gumba, haiingii, kwa sababu mashine ni ya DDR3 na yeye kabeba DDR4, kizazi kingine cha RAM. Wa tatu nilimkuta ameilaza laptopu juu ya mto, inatoa JPEG mia sita, feni inalia kama inaomba msaada. Nawapenda vijana hawa, wana jicho ambalo mimi katika umri wao sikuwa nalo. Lakini makosa yao ni yale yale yaliyonigharimu mimi, na siwezi kuendelea kuyaeleza kwa mmoja mmoja. Kaeni hapa wote.

1. Uliza kwanza nani anachelewesha.

Laptopu haizeeki mwili mzima kwa siku moja. Kinachokwama ni kiungo kimoja, na vingine vyote vinasimama foleni kukisubiri. Kwa hiyo usianze kwa kununua. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc, Task Manager ifunguke, kisha fanya ile kazi inayokukera huku unatazama. Unatoa JPEG na prosesa iko asilimia 100? Hiyo ni halali yake, iache ifanye kazi. RAM imejaa pomoni na diski inahangaika hata ukiwa umetulia? RAM haitoshi, mashine inakopa nafasi kwenye diski. Prosesa inaanza na GHz 2.6, baada ya dakika mbili imeshuka mpaka 0.8? Hilo ni joto, nenda namba 4. Diski iko asilimia 100 lakini inasoma megabaiti mbili tatu kwa sekunde, prosesa imelala? Acha kila kitu, nenda namba 3 sasa hivi.

Kwa yule wa kwanza tulifanya hivyo hivyo. Prosesa asilimia 9, diski asilimia 100. Alikuwa anapanga kukopa anunue mashine mpya. Akaniambia, "Kaka, si tuipige defragi kwanza?" Nikamwondoa mkono kwenye tachipadi, labda kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Sababu mtaiona.

2. RAM ina hesabu yake.

Picha ya megapikseli 24 ukiifungua kwa biti 16 ni pikseli milioni 24, mara chaneli tatu, mara baiti mbili. Megabaiti 144, na hiyo ni leya moja, yaani tabaka moja la picha. Weka leya sita za kusafisha ngozi, ongeza historia ya Photoshop, ongeza kivinjari chenye vichupo thelathini ambacho hutaki kukifunga, na GB 4 zako zimekwisha kabla hujagusa macho ya mtu. GB 8 unaponea, 16 unafanya kazi kwa amani.

Kabla ya kununua tafuta namba kamili ya modeli yako, ujue kama RAM ina soketi au imechomelewa kwenye ubao. Kijino cha DDR3 na cha DDR4 havikai mahali pamoja, ndiyo maana ile haikuingia, na ukiilazimisha unavunja soketi. Ndani ya DDR3 yenyewe kuna DDR3L ya volti 1.35, na zipo laptopu zisizopokea ile ya 1.5. Mdogo wangu, hiyo RAM irudishe leo ikiwa bado ina karatasi yake.

3. Diski ikianza kuwa nzito, kopi kwanza.

Hapa nitakaa, mnivumilie.

Nilikuwa na laptopu ya miaka sita, diski ya GB 500, ile ya sahani zinazozunguka mara 5,400 kwa dakika. Jumamosi nikapiga harusi, faili 1,846 za RAW, yaani picha ghafi kama kamera ilivyozinasa. Jumatatu nikazihamisha kutoka kadi mbili hadi kwenye laptopu. Jumanne nikazifomati kadi zote mbili, kwa sababu Jumatano nilikuwa na kazi nyingine. Alhamisi nikakaa kuchagua, na mashine ikaanza kuwa nzito. Picha moja inachukua sekunde ishirini kuonekana, inayofuata inafunguka mara moja, ya tatu inagoma kabisa. Na kulikuwa na mlio. Ukilaza kiganja cha kushoto pembeni mwa tachipadi uliuhisi kabla sikio halijaudaka: tik, kimya, tik tik, kimya.

Nikajiambia mashine imechoka. Nikafuta previu zote, zile picha ndogo za kutazamia, nikaiondoa Lightroom, programu yangu ya kupanga na kuediti picha, na kuiweka upya, nikazima programu zinazojiwasha zenyewe. Haikusaidia. Saa nne usiku nikafanya jambo baya kuliko yote: nikawasha defragi, nikaenda kulala. Defragi inasoma vipande vya faili na kuviandika upya mahali pengine, saa baada ya saa, kichwa cha diski kikienda na kurudi. Diski ile ilikuwa inahitaji kuguswa mara moja tu, taratibu, nakala itoke, iachwe. Mimi nikaikimbiza usiku kucha. Asubuhi skrini nyeusi na mstari mmoja wa maandishi meupe: hakuna diski ya kuwashia.

Sikuogopa mara moja, kwa kuwa nilikuwa na bekapu. Lightroom ilikuwa inaniuliza ninapoifunga kama ihifadhi nakala ya katalogi, nami nilikuwa najibu ndiyo, iende kwenye diski ya nje. Nikaazima laptopu ya rafiki, nikaifungua ile nakala. Ikafunguka vizuri kabisa. Miraba ya kijivu 1,846. Majina ya faili yapo, nyota zipo, mikato ipo. Niliweza kusoma kwamba picha fulani niliiongezea mwanga +0.35 na kuipunguzia unjano, lakini picha yenyewe haipo. Katalogi ni daftari: inaandika picha iko wapi na umeifanyia nini, haibebi RAW hata moja. Hilo nilikuwa nalijua. Nalijua kabisa, na bado kila nilipobonyeza ndiyo moyo wangu ulitulia kana kwamba nimehifadhi harusi ya watu.

Fundi wa kuokoa data alinirudishia faili 412. Aliniambia, bila ukali wowote, kwamba ningeizima niliposikia mlio angezipata nyingi zaidi. Kadi ya kwanza nilikuwa nimeshaijaza kwa kazi ya Jumatano. Ya pili ilikuwa bado mfukoni mwa begi, na kamera ikifomati kadi kwa kawaida inafuta orodha tu, picha zenyewe zinabaki mpaka ziandikwe juu. PhotoRec, programu ya bure ya kurudisha faili zilizofutwa, ikaitoa sherehe ya jioni karibu yote. Maandalizi ya asubuhi yalikuwa kwenye kadi ya kwanza.

Nilikwenda kwao mwenyewe, sikupiga simu. Nikarudisha pesa yote. Bi harusi hakupaza sauti. Aliniuliza picha moja tu: bibi yake akimfunga vifungo vya mgongoni mwa gauni. Nilikuwa naikumbuka. Kwenye katalogi ina nyota tano.

Basi sikilizeni. Pakueni CrystalDiskInfo, programu inayosoma afya ya diski, haina malipo, mtazame mistari miwili: 05 na C5. Ya 05 inahesabu sekta zilizoharibika zikahamishwa. Ya C5 inahesabu zile ambazo diski inapata shida kuzisoma na bado haijaamua la kufanya nazo. C5 ikivuka sifuri, usipige defragi, usiendeshe chkdsk, ile ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski, usizime na kuwasha mara kumi ukiangalia kama itapona. Chomeka diski ya nje, anza na RAW ambazo hazina nakala popote duniani. Ukishamaliza ndipo uzungumzie SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka, na kwa laptopu ya diski ya sahani hakuna badiliko litakalokupa furaha kubwa zaidi: SSD ya SATA, ile ya kawaida tu, inasoma takriban megabaiti 550 kwa sekunde, ya sahani huwa kwenye 100 hivi. Ukikloni, yaani ukinakili diski nzima kwenda nyingine, soma mara mbili ipi ni chanzo na ipi inapokea. Usiijaze hadi ukingoni, acha asilimia 15 wazi. Na kadi isifomatiwe mpaka picha ziwe kwenye vifaa viwili tofauti. Folda mbili ndani ya laptopu moja bado ni kifaa kimoja.

4. Joto.

Sasa wewe wa mto. Laptopu nyingi huvuta hewa kwa chini, na mto unaiziba pua. Prosesa ikikaribia nyuzi 100 inajipunguzia mwendo yenyewe isiungue, ndiyo maana picha mia tatu za kwanza zilitoka haraka na mia tatu za mwisho zikakesha. Tulipofungua mfuniko wa chini, kati ya feni na mapezi ya shaba kulikuwa na vumbi lililoshikana kama kitambaa. Nikalishika kwa kibano likatoka zima, limechukua umbo la tundu lile kwa usahihi kabisa. Kijana akaliweka kiganjani akalitazama kimya, kisha akaniuliza kama anaweza kulipiga picha. Akalipiga, na ni picha nzuri.

Ukifungua mwenyewe, zima kabisa na uchomoe plagi ya betri kwenye ubao kabla ya kugusa chochote. Shikilia mapanga ya feni yasizunguke unapopuliza. Skrubu zipange kama zilivyotoka, urefu haulingani, na ndefu ikiingia kwenye shimo la fupi inaweza kutoboa mpaka juu. Pasta ya joto iliyokauka ifute yote, weka tone dogo jipya. Betri ikiwa imevimba, utajua kwa sababu tachipadi inainuka au mfuniko haukai: acha kuichaji, usiibonyeze, usiitoboe, mwachie fundi aitoe.

5. Editi ndogo, RAW zikae nje.

Lightroom Classic inaweza kukutengenezea Smart Previews, faili za DNG zenye pikseli 2560 upande mrefu. Iambie kwenye mipangilio izitumie wakati wa kuediti, na laptopu yenye RAM kidogo itapumua. RAW zako ziweke kwenye diski ya nje, katalogi ibaki ndani kwenye SSD. Ukitaka kukagua ukali wa jicho kwa ukubwa kamili, rudi kwenye faili halisi.

Chungulia pia unachomeka wapi. Dada mmoja niliyefanya naye kazi alilalamikia diski yake ya nje miaka miwili. Siku moja nikapita nyuma ya meza yake nikaona tundu la bluu la USB 3 limechomekwa kipanya, na diski yenye picha zote iko kwenye USB 2. Gigabiti 5 kwa sekunde kapewa kipanya, megabiti 480 zikabaki kwa picha. Tulizibadilisha waya nafasi, tukacheka sana, na jioni ile akamaliza kazi mapema.

6. Chagua kwanza, editi baadaye: unapoingiza picha tumia ile JPEG ambayo kamera imeshaiweka ndani ya RAW, usisubiri previu kubwa kwa picha utakazozitupa.

7. Anza na madoa na lenzi, fuata mwanga na rangi, halafu maski, yaani marekebisho ya sehemu moja tu ya picha, na mwisho kabisa kuondoa chenga na kunoa, kwa sababu hizo mbili zikiwashwa mapema zinaburuza kila hatua inayofuata.

8. Toa picha ukiwa umechomeka chaja, na iwe chaja yenye wati zinazotakiwa na mashine hiyo.

9. Skrini za TN, aina ya bei nafuu ya zamani, hubadilika rangi ukisogeza kichwa kidogo tu, kwa hiyo weka mfuniko pembe ile ile kila siku na uiamini histogramu, ile grafu ya mwanga wa picha, kuliko macho.

10. Windows 10 ilikoma kupata matengenezo ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka TPM 2.0, ambayo ni chipu ya usalama, na, kwa Intel, prosesa za kizazi cha 8 na kuendelea kwa sehemu kubwa. Mashine nyingi nzima zimeachwa nje hapo. Linux Mint, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, pamoja na darktable, programu ya bure ya kuediti RAW, zinafanya kazi ya kweli kwenye laptopu hizo. Nimetoa kazi za wateja kwa darktable na hakuna aliyeniuliza nimetumia nini. Utahitaji wiki kadhaa za kuizoea, na marekebisho yako ya Lightroom usitegemee yahamie yote. Toa kwanza JPEG au TIFF za kazi zilizokamilika, na usihame katikati ya kazi ya mtu.

Na kama RAM yako ni GB 4 iliyochomelewa ubaoni, nitakuambia wazi: hiyo itunze kwa kuhamisha picha na kuandika ankara, uanze kuweka akiba ya nyingine.

Yule kijana wa kwanza, C5 yake haikuwa sifuri. Nimemwazima diski yangu ya nje tangu mchana, anakopi folda moja moja, za wateja kwanza. Nilipotoka jioni alikuwa kwenye folda ya nne kati ya kumi na moja, amekaa mbali kidogo na meza, mikono ameikunja kifuani asije akagusa kitu.