Usianze kwa kuifunga akaunti ya bibi

Pole na mizunguko ya benki. Kwa kuwa bibi anataka kuhamisha akiba yake na kufunga akaunti ya zamani, kufunga kuwe hatua ya mwisho. Tumeni kwanza kiasi kidogo. Kikifika, hamisheni kilichobaki. Pensheni ielekezwe akaunti mpya, kisha subirini iingie walau mara moja, maana malipo yanayokuta akaunti imefungwa hurudishwa na bibi atakaa bila fedha.

Kinachokwamisha wazee wengi ni sahihi: mkono ukitetemeka, hailingani na ya zamani. Aende na kitambulisho, aombe kusajili sahihi mpya au dole gumba.

Namba ya siri abaki nayo mwenyewe, hata wewe usiijue. Kama kumbukumbu zimeanza kufifia, muone wakili mapema kuhusu hati ya uwakilishi, yaani hati ya kumruhusu mtu mwingine kushughulikia mambo yake. Lazima bibi aisaini akiwa bado anaielewa.